Ukihamia Nyumba Ndogo, Punguza Ukubwa wa Spika, Usipunguze Sauti

Mwisho wa mwezi ukifika, barabara za mitaa ya Nairobi hujaa pickup zilizobeba maisha ya watu: godoro juu, mtungi wa gesi kando, na mara nyingi spika mbili kubwa zimefungwa kwa kamba katikati. Si wote wanaohama wanaenda nyumba kubwa. Kuna wanaotoka nyumba ya vyumba viwili vya kulala na kuingia bedsita kwa sababu kodi imepanda, au kazi imesogea upande mwingine wa mji, au wameamua ile tofauti ya kodi iende kwa shamba. Wazazi nao huhama watoto wakishatoka nyumbani. Hakuna aibu hapo.

Shida huanza hizo spika zikifika mlangoni. Watu wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza analazimisha spika zake kubwa ziingie, moja inakaa nyuma ya mlango, nyingine inageuka meza ya kuwekea birika. Wa pili anaziuza kwa bei ya kutupa, ananunua kispika kimoja cha Bluetooth, kisha anajiambia ati muziki mzuri ni wa watu wenye sebule kubwa.

Mimi naona wote wawili wanapoteza. Nyumba ikipungua, spika ipungue ukubwa lakini ipande ubora. Chumba kidogo ndiyo nafasi yako ya kusikia muziki vizuri kuliko ulivyowahi kusikia, na kwa nguvu kidogo zaidi. Na kwa vile hapa huwa tunaongea kuhusu pesa zako na vile zinatoka kwa simu, nitafika pia kwa upande wa kuuza na kulipa, maana hapo ndipo watu huumizwa.

Namba kubwa kwenye boksi

Nimesomea marketing, kwa hivyo wacha nikuambie kwa nini boksi la spika huandikwa "12,000W PMPO" kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Binadamu anapenda kulinganisha. Sauti ni ngumu kulinganisha, hasa dukani penye kelele. Namba ni rahisi. Ukiona 8,000 hapa na 12,000 pale, na bei zinakaribiana, mkono wako utaenda wenyewe kwa 12,000. Boksi limefanya kazi yake, na hakuna mtu amesikiliza chochote.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Plagi ya kawaida hapa Kenya ina fyuzi ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha: 13 mara 240 ni wati 3,120. Hapo ndipo mwisho wa kile plagi hiyo inaweza kubeba kwa utulivu. Kama hiyo spika ingekuwa inatumia wati 12,000 kweli kweli, fyuzi ingeungua kabla wimbo haujafika kwa korasi. PMPO ni kilele cha kufikirika, hakina kanuni moja ambayo kampuni zote zinafuata, na kila mtu hukihesabu anavyopenda. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kutoa mfululizo bila kuzidiwa.

Lakini hata RMS si mwisho wa maneno. Kuna namba nyingine ambayo wauzaji wengi hawaitaji kabisa. Huandikwa kwa desibeli, mfano 85 dB au 88 dB, na inakuambia spika itatoa sauti kubwa kiasi gani ukiwa umbali wa mita 1, ikipewa wati 1 tu. Zingatia hiyo: wati moja. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili ni karibu desibeli 60. Kwa hivyo spika ya 85 dB, ikipewa wati moja, tayari inapita mazungumzo kwa mbali sana. Kila desibeli 3 unazoongeza zinahitaji nguvu mara mbili. Maana yake spika ya 88 dB inahitaji nusu tu ya nguvu ambayo ile ya 85 dB inahitaji ili kutoa sauti sawa.

Halafu kuna umbali. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kati yako na spika kwa nusu, sauti inaongezeka desibeli 6. Kule kwa nyumba ya zamani kochi lilikuwa mita 4 kutoka kwa spika. Kwa bedsita utakaa mita 2, labda chini ya hapo. Ndani ya chumba kuta hurudisha sauti, kwa hivyo tofauti haitafika desibeli 6 kamili, lakini mwelekeo ni ule ule: umekaribia, na unahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu ya zamani. Zile wati nyingi ulizokuwa unalipia hazina kazi tena.

Chumba nacho kinaimba

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba chumba chenyewe ni sehemu ya spika. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na mawimbi ya besi ni marefu. Yakikutana na ukuta yanarudi, yanagongana na yale yanayokuja, na kuna noti fulani zinazovimba kuliko zingine.

Unaweza kujua noti ya kwanza kuvimba bila kifaa chochote. Chukua 343, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Sebule ya mita 5 inakupa hezi 34. Hiyo iko chini ya noti ya chini kabisa ya gita la besi la nyuzi nne, ambayo ni hezi 41, kwa hivyo uvimbe huo hauguswi sana na nyimbo nyingi. Sasa pima chumba cha mita 3: inakuja hezi 57. Uzi wa pili wa gita la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 55. Unaona shida? Benga yote na rumba yote inapita hapo. Kila mpiga besi akigusa hiyo noti, chumba kinaunguruma na kumeza kila kitu kingine.

Ndiyo maana spika iliyokuwa tamu kule inakuwa kero huku. Haijaharibika. Imewekwa kwa chumba ambacho si chake. Na si kwa upande wa besi tu: spika kubwa za kusimama sakafuni huhitaji nafasi ya kupumua nyuma yake, mara nyingi nusu mita au zaidi. Kwa nyumba ambayo kitanda, meza na jiko zinagawana ukuta mmoja, hiyo nusu mita haipo. Unazisukuma hadi ukutani, na ukuta unaongeza besi zaidi, kwa nadharia hadi desibeli 6. Ukiziweka kwenye kona, inakuwa zaidi ya hapo.

Spika ndogo iliyotengenezwa vizuri hufanya kinyume. Nyingi zinaanza kupunguza sauti chini ya hezi 60 au 70 hivi, kwa hivyo haziamshi ule mngurumo wa chumba kwa nguvu. Ukizisogeza karibu na ukuta, ukuta unazirudishia kiasi cha besi zilizokosa. Kile kilichokuwa adui wa spika kubwa kinakuwa msaidizi wa ndogo.

Udogo uliofanyiwa kazi

Kuna mfano mmoja ambao kila mtu anayependa sauti anafaa kuujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wahandisi wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, walikuwa na shida kama ya mtu anayehamia bedsita. Walihitaji kusikiliza matangazo kwa makini wakiwa ndani ya gari la kurushia matangazo nje ya studio, mahali ambapo spika kubwa haingii. Wakaunda spika inayoitwa LS3/5A. Kimo chake ni karibu sentimita 30. Ujazo wa kasha lake ni karibu lita 5, yaani kama ule mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia. Kampuni kama Rogers, Spendor na Harbeth zilipewa leseni ya kuitengeneza, na zaidi ya miaka 50 baadaye bado kuna watu wanaitengeneza na watu wanaitafuta.

Kampuni ya KEF, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1961, ndiyo ilikuwa inatengeneza vipaza sauti vilivyowekwa ndani ya hiyo spika ya BBC. Mwaka 2012 ikatoa yake, LS50, kuadhimisha miaka 50 ya kampuni. Nayo ni ndogo, karibu sentimita 30 kwa kimo, na ile namba yake ya wati moja ni 85 dB. Hakuna aliyeichukua kama spika ya mtu aliyeshindwa na maisha.

Sikuambii ukimbie kutafuta hizo mbili. Bei zake si mchezo. Nataka uone jambo moja tu: kuna watu wa kazi ya sauti, wenye uwezo wa kununua chochote, waliochagua kasha la lita 5 kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Udogo wenyewe ndio waliouwekea akili.

Pesa inaenda wapi kwa spika ndogo ya bei ya juu? Inaenda kwa kasha gumu lisilotetemeka pamoja na muziki. Inaenda kwa koni inayotembea sawasawa bila kujikunja. Inaenda kwa ile saketi ya ndani inayogawa sauti, za chini ziende kwa kipaza kikubwa na za juu kwa kidogo, bila pengo katikati pale sauti ya mwimbaji inakaa. Na inaenda kwa kuhakikisha ya kushoto na ya kulia zinafanana. Ukitaka kipimo cha bure, gonga ubavu wa kasha kwa kifundo cha kidole. Likijibu kwa mshindo mfupi uliokufa, hiyo ni dalili nzuri. Likilia kama ngoma, kumbuka wahenga: debe tupu haliachi kuvuma.

"Sasa besi nitatoa wapi?"

Hili ndilo swali la kila mtu, na ni haki yako kuuliza. Jibu la ukweli ni kwamba spika ndogo haitakupa ule mtikisiko wa kifua unaoupata klabuni. Sheria za maumbile ni ngumu kuhonga: kasha dogo, besi ya chini kabisa na sauti kubwa kwa nguvu kidogo haviwezi kukaa pamoja vyote vitatu. Lazima kimoja kiachwe.

Lakini sikio lina ujanja wake. Noti ya besi haiji peke yake, inakuja na ngazi za noti za juu yake. Noti ya hezi 55 hubeba pia 110, 165, 220 na kuendelea. Spika ikikosa ile ya chini lakini ikazitoa zile za juu kwa usafi, akili yako inaijaza noti ya chini yenyewe. Ndiyo maana unaweza kufuata mstari mzima wa gita la besi kwa spika ndogo nzuri, noti baada ya noti, wakati ile sabufa ya zamani ilikuwa inakupa "dum dum" moja ya kila kitu.

Je, uongeze sabufa kando? Subiri. Kaa na spika zako miezi mitatu kwanza. Watu wengi wakishazoea besi safi hawarudi huko. Ukiona bado unahitaji, utanunua ndogo, ukijua unaongeza nini. Na kama ghorofa yako ina mtu chini yako, fikiria mara mbili, maana besi ndiyo sauti inayopita ukuta na sakafu kirahisi kuliko zote.

Nacho kispika cha Bluetooth? Sikichukii. Kwa kuoga na kwa kupika kinatosha. Lakini kasha moja haliwezi kukupa kushoto na kulia, na nusu ya raha ya muziki iko hapo: gita upande huu, kinanda upande ule, mwimbaji katikati yako kama amekaa kwa kochi. Spika mbili ndogo, ukae nazo kwa pembetatu yenye pande sawa, mita moja na nusu hadi mbili kila upande, kile kipaza kidogo cha juu kikiwa usawa wa masikio. Hiyo nafasi iko hata kwa bedsita.

Jirani yako ni sehemu ya bajeti

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA. Kwenye maeneo ya makazi, kiwango cha usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni desibeli 35. Hiyo ni chini kuliko mazungumzo ya kawaida. Simaanishi polisi watakuja kukupimia mlangoni. Namaanisha kwamba maisha ya ploti yana adabu zake, na mtu anayeanza vibaya na majirani wiki ya kwanza huishi vibaya hadi siku ya kuhama.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kulipia ubora. Spika nyingi za bei rahisi huamka ukipandisha sauti tu. Ukishusha, muziki unakufa na kubaki mchwaro. Spika nzuri inasikika imekamilika hata ikiwa chini. Wewe unayerudi kutoka kazini saa moja na nusu jioni, muziki wako mwingi utaucheza kwa sauti ya chini. Nunua kwa saa hizo, usinunue kwa ile sherehe moja ya Desemba.

Na kabla hujaongeza shilingi kwa spika, angalia sakafu. Nyumba zetu nyingi mpya ni mawe, plasta na vigae. Piga makofi mara moja ukiwa katikati ya chumba kitupu. Ukisikia mlio unabaki hewani, hata spika ya bei mbaya itachafuka hapo. Zulia, pazia nzito, kochi la kitambaa na kabati la vitabu vinafanya kazi kubwa. Mara nyingi zulia ndiyo ununuzi wa kwanza wa mfumo mzuri wa muziki.

Uza kabla ya kuhama

Sasa pesa. Ushauri wangu ni uuze spika kubwa ukiwa bado kwa nyumba ya zamani. Kule zinasikika vizuri, mnunuzi atazisikia kwa chumba kinachozifaa, na hutalipa mtu wa kuzipandisha ngazi halafu umlipe tena kuzishusha. Ukiziuza ukiwa umebanwa kwa chumba kidogo, mnunuzi anaona umebanwa, na bei inashuka.

Wakati wa kuuza, haya yawe sheria kwako:

Usiamini ujumbe wa SMS peke yake. Ujumbe wa uongo unaweza kufanana na wa kweli hadi kwa nukta. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kuachilia mzigo, hata kama mtu wa boda anakuambia ana haraka.

Mtu akidai ametuma pesa zaidi kimakosa na anataka umrudishie tofauti, usitume chochote. Angalia salio. Kama kweli pesa zimeingia, piga huduma kwa wateja, muamala urudishwe kwa njia rasmi.

Hakuna mnunuzi anayehitaji namba yako ya siri "ili kukamilisha malipo." Pesa ikiingia kwako, wewe hubonyezi namba ya siri. Ukiombwa uibonyeze, jua hapo pesa inatoka.

Sikiliza kwanza, lipa baadaye

Upande wa kununua, nenda na masikio yako. Ukienda Luthuli Avenue au duka lolote la vifaa vya sauti, usikubali wimbo wa muuzaji. Wimbo huo umechaguliwa ili kuuza. Beba nyimbo tatu unazozijua kama jina lako: moja ya sauti ya mtu na gita tu, moja yenye besi inayotembea, moja yenye kwaya au vyombo vingi. Omba zichezwe kwa sauti ya chini kwanza. Ukiweza kusikia maneno yote na kufuata besi kwa sauti ya chini, endelea. Kisha sikiliza spika moja moja, kushoto peke yake na kulia peke yake. Zikitofautiana, rudisha kwa rafu.

Ukiangukia zile za mitumba tunazoziita ex-UK, unaweza kupata spika nzuri sana kwa bei ya ile sabufa mpya yenye taa. Lakini angalia ule ukingo laini unaozunguka koni. Wa sponji huoza na kukatika kadiri miaka inavyopita. Wa mpira huvumilia zaidi. Sukuma koni polepole kwa vidole, ikikwaruza, iache. Kama spika ina amplifaya ndani na inachomekwa kwa umeme, soma nyuma imeandikwa volti ngapi. Japani wanatumia volti 100 na Marekani 120. Kifaa kilichotengenezwa kwa umeme huo pekee ukikichomeka kwa volti 240 zetu, utasikia harufu badala ya muziki. Zile zisizo na amplifaya ndani hazina shida hiyo, lakini kumbuka utahitaji amplifaya kando, waya, na nafasi ya kuiweka. Kwa nyumba yenye soketi chache, hesabu soketi kabla ya kuchagua.

Ukishasikiliza na kuridhika, ndipo simu itoke mfukoni. Lipa kwa nambari ya till ya duka, na jina la biashara likitokea kwa skrini, lisome kabla ya kuthibitisha. Muuzaji akikuambia utume kwa namba yake binafsi ili "kupunguza ada," jua unapunguza pia ushahidi wako. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa zilitoka na zikaenda wapi. Hauonyeshi ulinunua nini. Kwa hivyo dai risiti iliyoandikwa modeli, nambari ya kila spika, muda wa waranti, na ile RMS aliyokuahidi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamkataza muuzaji kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, lakini ukienda kulalamika mikono mitupu, ni neno lako na lake. Na usitegemee kurudisha muamala kama njia ya kubadilisha mawazo. Hiyo huduma ni ya pesa zilizoenda kwa mtu asiyefaa. Spika ambayo hujaipenda utaongea na duka.

Kama unanunua kwa mtu wa mtandaoni, kanuni ni ile ile: hakuna deposti ya "kukuwekea" kwa spika ambayo hujaisikia. Mwenye spika nzuri ataivumilia siku mbili.

Usikope kwa ajili ya muziki

Hapa huenda wengine wasikubaliane na mimi. Kuhama kunakula pesa: deposti, kodi ya mwezi wa kwanza, gari, mapazia mapya. Mwezi huo si mwezi wa kununua spika. Na mkopo wa simu si wa spika kabisa. Tuseme umekopa KSh 20,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi, ukaichukua miezi mitatu kulipa. Hapo ada peke yake ni KSh 4,800. Hiyo ingekununulia zulia.

Fanya hivi badala yake. Pesa ulizouza spika kubwa, ziweke kando siku hiyo hiyo, kwa akaunti ya akiba ya simu yako, zisichanganyike na pesa ya unga. Ongeza KSh 500 kila wiki. Kwa mwaka hiyo ni KSh 26,000 juu ya ulichouza. Wakati unangoja, ishi na nyumba. Utajua kochi litakaa wapi, ukuta gani una soketi, jirani yupi ana mtoto mchanga. Ukienda dukani utakuwa unajua chumba chako, na muuzaji atakuona hivyo.

Ukigawa hiyo pesa, weka sehemu kubwa kwa spika zenyewe. Amplifaya ya wati chache za kweli inatosha kwa chumba cha mita 3, tumeona hesabu yake. Waya wa kawaida wa shaba unatosha. Stendi unaweza kuchongewa na fundi wa mbao mtaani kwako. Mwambie kimo kitakachofikisha kile kipaza kidogo usawa wa masikio yako ukiwa umekaa.

Najua kwetu spika kubwa ni heshima. Mgeni akiingia akaona minara miwili kando ya TV, anajua hapa pana mtu. Lakini mgeni anakuja mara moja kwa mwezi, na wewe uko hapo kila jioni. Kodi ulishaipunguza kwa akili. Basi wikendi hii, kabla hujapigia simu mtu wa pickup, chukua futi ya fundi, pima urefu wa hicho chumba kipya, fanya ile hesabu ya 343, kisha uamue ni nini kinastahili kupanda hizo ngazi.